Herufi ya Kati

Kiingereza ndicho kilichoninunulia ngazi hii,
sitakikufuru. Vibao hulipwa kwa herufi,
na watu wa Ngamiani wanapenda duka lisomeke kizungu
hata kama ndani wanauza mkaa.

Ila lugha ile ina vitimbi.
Sisi tunasema ba, tunaandika ba, tunakwenda kulala.
Wenyewe hutamka kitu kimoja, wakaandika viwili,
wakakuacha juu ya ngazi, brashi inadondosha rangi.

Cha kwanza kuniumbua kilikuwa kibao cha mashine ya unga
ya Bi Mwanakombo, barabara ya kumi na nne.
Flawa, aliniambia. Nikaandika flawa niijuayo.
Wiki nzima wapita njia wanashika mbavu:
jamani, mashine inasaga maua!
Wasichana wa shule wakaleta asumini viganjani,
wakauliza kilo moja kusaga ni shilingi ngapi.
Bi Mwanakombo hakudai fedha zake.
Alinipimia sembe kwa mkono wa kushoto hadi mfungo ukaisha.

Kwenye bucha ya Shemndolwa, tena.
Mwalimu Perpetua Singano akashuka baiskeli,
akasoma, akasoma tena.
"Hapa si nyama, Semhando. Umeandika kukutana.
Wanakutana nani na nani?"
Shemndolwa akajibu kutoka ndani:
"Shoka na paja."

Ni yeye Mwalimu aliyenifundisha steshenari.
Ukitia a, ni kitu kilichosimama tuli.
Ukitia e, ni karatasi, kalamu, bahasha.
Nikahesabu vidoleni, nikaishiwa na mkono mmoja:
vibao saba, toka Chumbageni hadi Makorora,
maduka saba yanatangaza kwamba hayaendi popote.
"Na uongo uko wapi?" nikamuuliza.
"Umewahi kuona hata moja likitembea?"

Nikaanza kutamba. Kiswahili, nikasema,
hakimtegi mtu.
Ndipo akaja Bwanakheri, seremala wa Mgandini, akalipa nusu:
"Nichoree mbuzi mlangoni. Na meno yaonekane."
Siku mbili nilichora beberu,
pembe, ndevu, jicho la ufedhuli,
na meno, kama alivyotaka mwenyewe.
Akafika na mkokoteni umejaa mbuzi za kukunia nazi.
Akamtazama beberu. Beberu akamtazama.
Yupo hadi leo. Watu huingia kuulizia supu.

Kwa Sengasu sikucheka.
Fundi baiskeli, barabara ya nane. Alitaka kisomeke
Sengasu na Mwanawe, kwa Kiingereza,
maana Mbwego alikuwa kamaliza darasa la saba
na ananyoosha rimu kwa jicho tu.
San, akasema. Nikaandika san.
Hakuna aliyeona kitu, mpaka Mwalimu alipopata pancha palepale.
"Umeandika jua," akaninong'oneza.
Herufi moja, ya kati.

Lakini Mbwego alikuwa keshaondoka,
Mirerani, kwenye mawe, simu haipatikani.
Nikaenda na ngazi nikarekebishe bure.
Sengasu akaizuia kwa spana.
"Acha. Mwanangu mwaka wa tatu hajafungua duka hili.
Jua, kila siku saa kumi na mbili na nusu
nalikuta mlangoni linanisubiri."
Nikashuka. Sikuwa na la kusema,
nikanunua vali nisiyoihitaji.

Sasa, ile herufi ya kati niliipaka nyekundu,
madoido tu, ujana,
na nyekundu ya bei rahisi haidumu mji huu.
Jua limelila jua.
Imebaki ya mwanzo, imebaki ya mwisho,
katikati mbao tupu.

Jana akaniita. "Mbwego kapiga simu."
Hakuongeza neno.
Leo niko juu, kopo wazi, brashi imelowa.
"Niandike ipi?"
Chini pale kageuza baiskeli miguu juu,
anazungusha gurudumu,
kainamisha sikio kama halijaacha kugusa breki.